Kujifunza Mwili Unavyougua

Mwalimu anayesimamia gazeti letu aliniandikia akiniomba niwaeleze wanafunzi, na wazazi wao pia, mambo tunayofundishwa katika chuo cha wauguzi. Nilisoma katika shule hii miaka minne, na sasa nimo katika mwaka wa tatu wa mafunzo ya uuguzi na ukunga. Masomo yetu ni mengi, na kuyaeleza yote kungewachosha wasomaji. Tena mengine, kama kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, hufahamika upesi zaidi kwa kutazama kuliko kwa kusoma. Kwa hiyo nimechagua somo moja tu. Ndilo somo ambalo jamaa zangu nyumbani hawakuamini kwamba tunalisoma. Mjomba wangu alidhani ni la madaktari peke yao.

Jina lake ni patofiziolojia. Jina hili ni refu, nalo huwatisha wengi katika wiki ya kwanza, lakini ukilikata vipande halina neno. Fiziolojia ni elimu ya jinsi mwili wenye afya ufanyavyo kazi zake: jinsi moyo usukumavyo damu, mapafu yavutavyo hewa, na figo zichujavyo. Kipande cha mbele kimetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mateso au maradhi. Basi patofiziolojia ni elimu ya jinsi kazi zile zile ziharibikavyo mtu anapougua, na jinsi mwili wenyewe unavyojitahidi kuzitengeneza. Hilo la mwisho namwomba msomaji alishike, maana ndimo yalimo mambo makubwa ya somo hili.

Watu wengi hudhani kwamba maradhi huingia mwilini kama mwizi aingiavyo nyumbani, na kwamba kila dalili ni uharibifu wa mwizi huyo. Lakini dalili nyingi ni kazi ya mwenye nyumba anayejitetea. Chukua homa ya malaria, ambayo sidhani kama yupo msomaji asiyeijua. Vimelea vya malaria hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua. Takataka zinazomwagika huamsha askari wa mwili, nao hupeleka habari kwenye sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo inayopanga kiasi cha joto la mwili. Ubongo hupandisha kipimo, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi nyuzi 39. Sasa mwili wenye nyuzi 37, ambao jana ulikuwa sawa kabisa, leo hujiona una baridi, maana haujafika pale ulipotakiwa kufika. Ndiyo sababu mgonjwa hutetemeka na kuomba blanketi la pili, na huku ukimgusa paji la uso lawaka moto. Kule kutetemeka ni kazi ya misuli ya kutengeneza joto. Baadaye kipimo kikirudishwa chini, mwili hujiona una joto la kupita kiasi, hulitupa nje kwa jasho, na blanketi lile lile husukumwa pembeni. Yote hayo nilikuwa nikiyaona kwetu tangu utotoni, lakini sababu yake niliijua chuoni.

Wazo hili la mwili unaojirekebisha lina historia yake. Mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Claude Bernard, katika karne ya 19, alieleza kwamba seli zetu huishi ndani ya maji ya mwili, na kwamba hali ya maji hayo, yaani chumvi yake, sukari yake na joto lake, haina budi kudumu karibu ile ile ingawa hali ya nje hubadilika. Mwaka wa 1926 Mmarekani Walter Cannon aliipa hali hiyo jina la homiostasisi. Nawataja wawili hawa kwa sababu mitihani yetu huwapenda sana, lakini faida ya maneno yao sikuiona darasani. Niliiona wodini.

Nitaeleza jambo moja kwa urefu, nalo ni kutokwa na damu baada ya kujifungua. Nimelichagua kwa sababu katika Afrika iliyo kusini ya Sahara hii ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama wazazi, na wengi wa wasomaji wetu wana dada, shangazi au mama ambaye bado atajifungua.

Mimba inapokaribia kutimia, damu inayopita katika mji wa mimba kwenda kumlisha mtoto hufika nusu lita au zaidi kila dakika. Hebu fikiri juu ya hesabu hiyo. Mtoto akiisha kuzaliwa, kondo la nyuma hubanduka, na mahali lilipokuwa limeshika pana midomo ya mishipa iliyo wazi. Kwa nini basi kila mzazi hafi katika dakika chache? Sababu ni kwamba nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimepishana huku na huku kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu hupita katikati yake. Misuli ikikaza, nyuzi hubana mishipa pande zote na damu husimama. Lakini misuli ikiwa imechoka kwa uchungu wa muda mrefu, au kipande cha kondo kikibaki ndani, au kibofu kikijaa mkojo na kuuzuia mji wa mimba usijikunje, basi hubaki laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na damu huendelea kutoka. Mara nyingine haitoki nje kwa wingi. Hujikusanya ndani, ikaganda mabonge, na shuka ikabaki nyeupe.

Sasa tuangalie mwili unafanya nini. Katika ateri kubwa za shingo, na katika ile inayotoka moyoni, mna vipokezi vidogo vinavyopima mkazo wa damu kila saa, usiku na mchana. Damu ikipungua kidogo tu, vipokezi hivyo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hutoa amri mara moja. Moyo huambiwa upige haraka zaidi, ili damu chache izungushwe mara nyingi. Mishipa ya ngozi na ya matumbo huambiwa ijibane, ili damu ibaki kwa moyo na ubongo. Figo huambiwa zisipoteze maji. Mtu huletewa kiu, ili anywe.

Aliyewahi kumwagilia bustani ya shule kwa mpira atafahamu upesi. Maji yakipungua nguvu bombani, unabana mdomo wa mpira kwa kidole, na maji yanaendelea kuruka mbali kana kwamba hakuna kilichopungua. Atazamaye kwa mbali atasema bomba lina nguvu yake ya kawaida. Presha ya damu ndivyo ilivyo. Mtu mzima aliyepoteza hata robo ya damu yake aweza kupimwa presha ikaonekana nzuri kabisa, kwa sababu mwili umebana mishipa. Presha huanza kushuka kwa dhahiri baada ya hapo, damu iliyopotea inapokaribia theluthi moja, na ikisha kushuka, nguvu za kujitetea zimekwisha au zi karibu kwisha. Mama mjamzito ana jambo lake zaidi. Mwanamke wa kilo 60 ana damu ya lita 4 hivi, na mimba ikikaribia kutimia damu hiyo huwa imeongezeka karibu nusu yake. Hiyo ni akiba aliyopewa kwa ajili ya kujifungua, lakini akiba hiyo hiyo humfanya afiche hatari kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine.

Mwaka jana nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, pamoja na sista mmoja ambaye amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Mzazi mmoja alikuwa amejifungua salama mnamo saa tatu. Saa tano nilipita kupima. Presha yake ilikuwa 110 kwa 70, ambayo mtu yeyote angeiandika na kwenda kitanda cha pili. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika. Shuka ilikuwa na damu kidogo tu. Mama yule aliniambia, "Nesi, nasikia kiu, nipe maji," na alikuwa akigeuka huku na huku kama mtu asiyepata mahali pazuri pa kulala. Nilimweleza sista. Akaniuliza, "Mikono yake ikoje?" Nikarudi nikaishika. Ilikuwa ya baridi na ina unyevu, na chumba kilikuwa na joto hata sisi wenyewe tulikuwa tukitokwa na jasho.

Sista alikuja akaweka kiganja juu ya tumbo. Mji wa mimba, ambao ulipaswa kuwa mgumu kama chungwa bichi chini ya kitovu, ulikuwa laini na umepanda juu ya kitovu. Alipousugua na kuubana, yalitoka mabonge ya damu ya kujaza beseni dogo. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Daktari aliitwa, dripu mbili ziliwekwa, mama alichomwa dawa ya oksitosini ya kukaza misuli, na mimi niliambiwa niweke mpira wa mkojo. Mkojo uliotoka ulikuwa mwingi, na kibofu kilipokwisha tupu mji wa mimba ulianza kukaza chini ya mkono wa sista. Kulipokucha mapigo yalikuwa 92, mikono ina joto, na mtoto alikuwa akinyonya. Na hapo pana jambo zuri la kujua: mtoto anyonyapo, mwili wa mama hutoa oksitosini yake wenyewe, dawa ile ile iliyokuwa katika sindano.

Ukiitazama karatasi ya vipimo ya usiku ule kwa jicho la mtu asiyesoma somo hili, utaona namba mbili, moja nzuri na moja mbaya kidogo. Ukiitazama kwa jicho la patofiziolojia, utaona namba hizo zinazungumza. Mapigo 118 yalikuwa ndiyo bei ya kuiweka presha pale 110. Wakunga hufundishwa kugawanya mapigo kwa presha ya juu. Kwa mzazi jibu likifika 0.9 au zaidi, yapasa kushuka moyo na kutafuta damu inakokwenda. Gawanyeni wenyewe 118 kwa 110 mwone. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita huiweza, lakini sababu ya kuifanya ndiyo tuliyosomea.

Kwamba kuona mapema kunaokoa si maoni yangu tu. Mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, na kuhusu wazazi zaidi ya 210,000. Katika hospitali za mpango mpya, mzazi alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na hatari ikionekana, matibabu yote yalitolewa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi wa kutafuta chanzo. Katika hospitali zilizoendelea na desturi ya zamani, karibu nusu ya wazazi waliokuwa wakitokwa damu nyingi hawakutambuliwa. Katika zile za mpango mpya walitambuliwa 93 kwa kila 100. Na wazazi waliopatwa na hatari kubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kufa, walipungua kutoka 4.3 kwa kila 100 hadi 1.6. Dawa zote zile zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa karibu na kitanda waliona mapema na wakajua la kufanya. Na aliye karibu na kitanda saa zote ni mkunga au mwuguzi. Daktari hupita, na katika zahanati nyingi za vijijini hayupo.

Jambo la pili nililotaka kulieleza ni la kuharisha kwa watoto, na hili nalielekeza hasa kwa wazazi. Wapo wazee wetu waliosema kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji, kwani maji huongeza kuharisha. Siwacheki, maana macho yao yaliona kweli: maji matupu yanaingia na yanatoka. Kwa nini yanatoka? Maji hayana nguvu ya kwenda yenyewe kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Hufuata chumvi. Mnakumbuka osmosisi, lile jaribio la kipande cha kiazi na maji ya chumvi? Sisi tulilifanya hapa hapa katika maabara ya shule, na tulidhani ni mambo ya viazi.

Mwaka wa 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, mtaalamu wa Kimarekani Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba mna mlango ambao chumvi na sukari huupita pamoja. Chumvi peke yake haifunguliwi, na sukari peke yake haifunguliwi. Zikija pamoja mlango hufunguka, na maji huzifuata. Na hapa ndipo penye maajabu. Sumu ya kipindupindu huulazimisha utumbo kumwaga chumvi na maji, lakini huo mlango wa pamoja haiuharibu. Mtoto aweza kuwa anaharisha sana, na mlango ukabaki mzima ukingojea tu apewe sukari na chumvi kwa kiasi kinachofaa.

Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi wengi walijaa katika kambi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kikawaingilia, na dripu zikaelekea kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na glukosi vichanganywe na maji katika mapipa, watu wakachota kwa vikombe na kuwanywesha ndugu zao wenyewe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS tunayopewa leo hospitalini ndiyo mtoto wa mapipa yale. Pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, na chumvi nyingine mbili, moja ikiwa ya kurudisha potasiamu iliyopotea. Mahali pasipo na pakiti, yafaa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Msizidishe chumvi kwa kudhani dawa itakuwa kali zaidi. Chumvi ikizidi, osmosisi hugeuka, na maji huvutwa kutoka mwilini kurudi utumboni.

Mama mmoja alinilalamikia, "Dawa yenu haifai, mtoto bado anaharisha." Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lake liko katika habari ya mlango. ORS haizuii kuharisha, inarudisha maji yanayopotea, na kuharisha kwenyewe hukoma baada ya siku chache, mtoto akiwa hai. Nilimwonyesha jinsi ya kubana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Kwa mtoto mwenye maji ya kutosha ngozi hurudi mara moja. Ikichelewa, au macho yakidumbukia ndani, au mtoto akilegea asiweze kunywa, hapo si kazi ya nyumbani tena, na apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Mama yule alielewa kuliko baadhi yetu tulivyoelewa siku ya kwanza.

Naomba walimu wanisikilize katika habari ya ugonjwa wa selimundu, maana unahusu mabweni yetu. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ina minyororo ya asidi za amino. Mmoja wa minyororo hiyo una asidi 146. Kwa mwenye selimundu, moja tu kati ya hizo, ile ya sita, ni nyingine kuliko inavyopaswa. Kwa kosa hilo moja, himoglobini inapokosa oksijeni hujishikiza yenyewe kwa yenyewe na kuikunja chembe ya damu kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba, na nyama au mfupa uliokosa damu huuma vibaya sana. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi kama siku 10 hadi 20, ndiyo maana wenye ugonjwa huu hupungukiwa damu na macho yao mara nyingi huwa ya manjano. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba aliyerithi kosa hili kutoka kwa mzazi mmoja tu hakingwi kabisa na malaria, lakini haimwui kwa urahisi. Ndiyo sababu ugonjwa umeenea zaidi huku kwetu kwenye mbu wengi. Anayeumwa ni yule aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Sasa, chembe hizo hujikunja zaidi kwa baridi, kwa upungufu wa maji mwilini, na kwa kazi ngumu inayomaliza oksijeni. Tazameni basi mchakamchaka wa saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni, mwanafunzi hajanywa maji, amevaa fulana moja. Aliye na selimundu akisema miguu yamwuma, anasema kweli. Nimewahi kusikia, si katika shule yetu, mwanafunzi wa namna hiyo akiitwa mvivu mbele ya wenziwe. Anachohitaji ni maji mengi, joto, dawa ya maumivu, na kupelekwa hospitali upesi akipata homa au akishindwa kuvuta pumzi vizuri.

Wanafunzi wataniuliza, je, somo lenyewe ni gumu? Ni gumu kwa anayetaka kukariri. Mwalimu wetu hutupa dalili moja na kutuuliza kwa nini, tukijibu hutuuliza kwa nini tena, mpaka tufike kwenye seli. Kwa mfano: mgonjwa wa moyo hawezi kulala chali, ataka mito mitatu. Kwa nini? Kwa sababu akilala chali hukosa pumzi. Kwa nini? Kwa sababu mapafu yana maji. Kwa nini? Kwa sababu upande wa kushoto wa moyo umechoka, damu itokayo mapafuni haisukumwi mbele, mkazo hurudi nyuma na maji huchujika kuingia katika vifuko vya hewa. Na kwa nini akilala tu? Kwa sababu damu iliyokuwa imetulia miguuni hurudi kifuani. Mwisho wa maswali hayo unajua kwa nini unamwinua kwa mito, na hutasahau, hata kama hakuna aliyekuamuru. Madaftari yetu yamejaa mishale kuliko maneno.

Ugumu mwingine ni lugha. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na wagonjwa wetu si wa Kiingereza. Nimekaa usiku mzima nikitafuta namna ya kumweleza bibi mmoja kwa Kiswahili kwa nini figo zilizoharibika hupandisha presha, na hatimaye nilijua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeijua nusu yake tu. Tangu siku hiyo kila sura ninayosoma naijaribu kwanza kwa Kiswahili.

Wavulana nao wasidhani kazi hii si yao. Darasani kwetu wapo wengi, na mmoja wao ndiye hodari kuliko sote katika habari za figo. Na wale wanaoachana na kemia kwa sababu wameamua kuwa wauguzi, wakifikiri uuguzi ni huruma na mikono myepesi, waulize kwanza masharti ya kuingia chuoni. Kemia na biolojia zimo, na sasa msomaji ameona zinatumika wapi.

Nimemwachia mwalimu wa biolojia daftari langu la mwaka wa kwanza. Mna picha niliyochora ya nyuzi za mji wa mimba, na ya ule mlango wa chumvi na sukari, ingawa mchoraji si hodari. Anayetaka kuliona amwombe mwalimu, naye alirudishe likiwa na kurasa zake zote. Wakati wa likizo yangu nitakuwa nyumbani wiki mbili, nami nimeahidi kufika shuleni Jumamosi moja na mashine ya presha. Darasa lolote linalopenda litapima mapigo ya moyo kabla ya kukimbia uwanjani na baada yake, tuyaandike ubaoni, tuanze kuulizana kwa nini.